Nne kwa Karatasi Moja

Steshenari yangu iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kati ya fundi baiskeli na mama anayekaanga mihogo.
Ukurasa mmoja shilingi mia. Umeme ukikatika,
subiri au nenda zako.

Mwantumu Hozza, mshona mapazia, aliniletea ubeti
kauandika nyuma ya kadi ya kliniki:

    Bomba letu lakohoa, halitoi tena maji,
    Bili mlango yang'oa, kama deni la mtaji,
    Watoto tunawanyoa, tupunguze uogaji,
    Mwenye ufunguo, njoo, uonje mate ya mji.

Chini yake, kwa wino mwekundu, jina lake lote na la baba.
"Nakala arobaini," akasema. "Na jina lisiguswe."

Nikapiga hesabu. Ubeti mmoja haujazi karatasi.
Nikapanga nne kwa karatasi moja, nikapitisha mkasi,
na lile jina likabaki kwenye vipande vya pembeni,
ndani ya kapu, pamoja na maganda ya karanga.
Sikufuta kitu. Nilibana matumizi.

Ubeti ukatoka mbio. Ukapigwa picha,
ukaruka simu kwa simu, Makorora hadi Chumbageni,
ukasomwa harusini kabla pilau haijapakuliwa.
Kufika Ijumaa ulikuwa na watunzi watatu:
Ticha Semkiwa, aliyeutunga, eti, tangu yuko chuo;
kijana wa redio, aliyeutilia sauti yake na kinanda;
na bwana mmoja wa Pangani, asiyejua hata bomba letu liko wapi,
aliyeandika chini: haki zote zimehifadhiwa.

Mwantumu akaja. "Umeniibia."
Nikajitetea: neno si kanga.
Nikikutwalia kanga, unabaki wazi;
nikikutwalia neno, bado unalo mdomoni.
Akanitazama kama pazia lililokatwa fupi.
"Karatasi tupu jirani anauza hamsini.
Wewe mia. Hiyo hamsini nyingine ni ya nini?"

Semkiwa alikuwepo, akisubiri mitihani yake ya kidato cha pili.
Akasema mashairi ni mali ya umma.
Nikamkumbusha mwezi uliopita, nilipouza notisi zake,
alivyonitishia mahakama. Akaangalia saa.

Jumatatu akaingia mtu wa ofisini, shati limenyooshwa,
kipande changu kimoja kimelala ndani ya faili.
Hakuuliza habari ya maji. Aliuliza habari ya mate.
"Nani kayatema?"

Ticha akasema yeye mwalimu wa hesabu.
Redio siku hiyo ilipiga taarabu tangu asubuhi.
Yule wa Pangani akafuta haki zake zote.

Nami nikasema kweli: karatasi haina jina.
Kwa mara ya kwanza nikaushukuru ule mkasi.
Pengine, niliwaza, neno lisilo na mwenyewe
ndilo linalolala kwake usiku.
Nikajibanza nyuma ya mashine, nikampigia:
leo usitoke.

Alifika kabla sijapoa jasho, juu ya baiskeli ya watu,
pini bado zimechomekwa kifuani.
Akaulizia zilizobaki. Zilikuwa kumi na moja.
Akaomba kalamu. Nikampa ya bluu, akairudisha.
"Nyekundu."

Akaandika moja moja, jina lote na la baba,
bila haraka, kama anayepinda upindo,
na yule bwana amesimama, faili wazi,
akingoja zamu yake kama mteja yeyote.
Ya kumi na moja akampa yeye.

"Hiyo uliyonayo ni nakala. Hii ndiyo yenyewe.
Sasa niambie, ufunguo anao nani?"

Bwana akaisoma, midomo ikimchezacheza.
Alipofika kwenye kunyoa watoto, nadhani alitaka kucheka.
Akaiweka ndani ya faili, akaandika namba yake ya simu,
wakatoka pamoja hadi barazani, wakibishana,
sauti zao zikafunikwa na mafuta ya mihogo.

Kalamu yangu hakuirudisha.
Sikuidai.