Sura ya Majina

Jumamosi, Winnipeg. Theluji imefika kitasa cha mlango.
Tuko sita jikoni, Biblia moja,
inazunguka mkono kwa mkono kama sahani ya karanga.

Leo zamu imeangukia sura ya majina:
fulani akamzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani,
na Wilondja, mzaliwa wa hapa,
anateleza kila mstari.
"Turuke," anasema. "Hawa hawafanyi kitu. Wanazaliwa tu."

Hata mimi nilishaupima ukurasa kwa jicho.

Mama Asende hainui kichwa. Anamenya viazi.
"Siku ile kambini, karani naye aliruka.
Alikuwa na njaa, karatasi ilikuwa ndefu.
Soma."

Akasoma. Jina kwa jina,
kama abebaye trei ya mayai juu ya barafu.
Chai ikaota utando.
Alipofika mwisho hakukifunga kitabu,
aliongeza, kwa sauti ileile ya kusomea:
"Na Mmunga."

Mjomba wake, ambaye hajawahi kumwona.

Hakuna aliyemsahihisha.
Kisu kilisimama ndani ya kiazi.
Kisha baba akakohoa, akasema, "Endeleeni,"
nami nikapokea kitabu.