Gunia la Kilo Kumi na Tano

Siku ya tatu Barqa hakula.
Alilinusa bakuli, akanitazama,
akaenda kujilaza kwenye marumaru chini ya kiyoyozi,
mbavu zikihesabika, ingawa saluki
mbavu zake huhesabika hata akiwa ameshiba.

"Deko tu," akasema Bi Thuraya kwa Kiswahili cha mamake,
cha Wete, kilichokulia Sohar.
"Mtilie maji ya moto, Kavindu."
Nikatia. Vidonge vikavimba,
juu ukatanda utando wa mafuta
wa rangi saba, kama dimbwi la gereji.

Basi nikaliburuta gunia hadi mlangoni, penye mwanga.
Mbele lina picha: paja la kuku linang'aa,
karoti, mbwa wa Kizungu anacheka.
Maneno yako nyuma, madogo kama chawa.
Nikaazima miwani ya mwenye nyumba.

Kwanza: mahindi.
Anayetangulia kwenye orodha ndiye aliyejaa gunia,
hilo hata mimi nalijua.
Pili: ngano.
Tatu: mazao ya nyama.
Nyama ya nani? Mnyama hana jina.
Kuku wa pichani nikamkuta mwisho kabisa, baada ya chumvi,
naye si kuku tena. Ni ladha ya kuku.

Kwa wino wa dhahabu: Kimepimwa, ni salama.
Nani kapima, hakuandika.
Na tarehe? Kibandiko.
Nikakikwangua kwa ukucha, chini yake kibandiko kingine,
na mwaka wa huyo wa chini ulikwisha zamani.

Sisemi najua sayansi. Najua mahindi.
Kwetu Kibwezi mama alichambua debe zima kwa vidole;
punje yenye ukijani kwenye kitovu
haikutupiwa hata kuku.
Mwaka ule mvua ilipoyakuta mavuno uani,
jirani yetu Nzomo alisaga bila kuchambua.
Njaa haichambui.
Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka macho ya wanawe,
manjano kama kiini cha yai.

Nikakivunja kidonge. Nikanusa.
Nikaenda pale kwenye marumaru, nikapiga magoti,
nikaufunua mdomo wa Barqa, naye akaniachia.

"Bi Thuraya," nikasema, "njoo na ufunguo wa gari."

Daktari Izzeldin aliuliza jambo moja kabla ya salamu kwisha:
"Gunia mmelitupa?" Wengi hulitupa.
Mimi nilikuwa nimelipakata kiti cha nyuma,
kilo kumi na moja zilizobaki, kama mtoto mwenye homa.
Akanakili namba ya toleo,
akachota kikombe kimoja cha kupeleka maabara.
Majibu siku kumi, akasema,
kisha akamtundikia dripu,
maana ini halijui kuhesabu siku kumi.

Dukani walicheka. "Mama, ni chakula cha mbwa."
Kama kwamba sumu husoma kwanza
gunia limeandikiwa nani.
Namba ya simu iliyo chini ya karoti
iliita, ikaita, ikakata tamaa.

Usiku Bi Thuraya alikuja jikoni, jambo asilolizoea,
akakaa kwenye kistuli changu.
"Wale watoto wa jirani yenu," akasema.
"Wawili," nikamjibu.
Hakuuliza walikuwa wangapi.
Akainuka, akafungua pipa la mchele,
akautia mkono mpaka kwenye kiwiko,
akautoa, akaunusa.

Majibu bado.
Barqa amelamba maji ya wali kiganjani mwangu,
mara mbili, kwa adabu, kama mgeni.
Kikombe cha pili nimekihifadhi kwenye friza,
kati ya nguru na barafu, mifuko miwili, fundo mbili.
Juu nimeandika kwa kalamu isiyofutika: USILE.
Nikafikiri kidogo,
nikaongeza: WALA USITUPE.