Tundu Lililozibwa

Alikuja Mwanasiti, kibandani Makadara,
Simu mpya, yenye hati, kaletewa na Zahara,
"Tundu lake la sauti, silioni hata mara."
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Badi, mwenza wa benchini, hoja yake kubwa maji:
"Tundu ni njia ya ndani, na chumvi ndiye mlaji.
Nyaya za nini shingoni? Kwani tu mbuzi wa mji?"
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Bibi akacheka: "Mwana, sikio nitie moto?
Umeme hukatwa sana, hubaki giza na joto.
Kikianguka mchana, kitaliwa na mtoto."
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Nikafungua sanduku, nyaya mia zikavuja,
Kila kichwa kina siku, chafa, kingine chakuja;
Mteja auza kuku, kwa kamba ya mara moja.
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Mwanasiti hana wimbo, asikiza matangazo:
Nani kafa huko ng'ambo, apeleke na liwazo.
Redio, waya ni chambo; bila waya, ni katizo.
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Nikampa kiungio, chembamba cha kuvunjika,
Akasikia redio, uso ukakunjulika;
Tundu moja, kimbilio, chaji nayo yalitaka!
Tundu walipoliziba, nani aliyeulizwa?

Magharibi kaja Badi, sikio moja li wazi:
Kimoja, bila kusudi, kimemezwa na mchuzi.
"Nipe waya, sina budi, unifunge kama mbuzi."
Kinywa changu nikaziba, maana sikuulizwa.