Maji Yana Wizara Ngapi

Nilipoanza kuomba, Coldiron Fork, bonde la Kentucky,
tulikuwa watu mia nne na kumi na wawili
ukimhesabu na mtoto wa kina Fugate, aliyezaliwa Jumanne ile.
Mimi ndiye karani. Bomba letu lililazwa kabla mama hajaolewa.
Maji hutoka na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

Niliambiwa pesa zipo. Washington zipo, tele,
ila hazikai chungu kimoja.

Nami nilidhani maji ni maji!
Kumbe maji ya mji mdogo ni ya Kilimo.
Maji yenye kutu ni ya Mazingira,
na Mazingira huwaachia wakuu wa jimbo,
na jimbo lina foleni: sisi ni wa sitini na tatu.
Maji ya maskini ni ya Nyumba,
lakini umaskini sharti uthibitishwe, mlango kwa mlango.
Nikabisha hodi kwa Orbin Stidham,
mchimba makaa mstaafu, shati limepigwa pasi,
nikamuuliza kwa sauti ya chini anaingiza kiasi gani.
Alinijibu akitazama viatu vyangu.
Maji yaletayo ajira ni ya Biashara.
Na mafuriko yakija, ipo idara ya maafa,
ila kwanza tuzame.

Kila mlango una namba, kila namba ina nywila,
na nywila hufa isipoguswa.
Nyuma ya kalenda ya duka la mbegu
nikachora mishale kwa kalamu nyekundu, nani humpa nani.
Meya akaitazama, akageuza kichwa.
"Verlene, huu ni ukoo wa nani?"
Wetu, nikamwambia. Wajomba wengi,
na kila mjomba anatutuma kwa mwenzake.

Machi ikaja barua: tumepata.
Dola elfu arobaini, kutoka Uchukuzi,
za kibanda cha kusubiria basi.
Basi halijapita hapa tangu mgodi ufungwe.
Tukakijenga; usipozitumia, zinarudi.
Sasa ndimo yanamopangwa magaloni ya maji
yaletwayo na kanisa kila Alhamisi,
na wazee hukaa humo wakingoja zamu,
mabegi magotini, kama abiria.

Jana usiku nimefungua fomu nyingine.
Ukurasa wa tisa: idadi ya wakazi.
Mtoto wa kina Fugate ameshaota meno.
Nikaandika mia nne na kumi na wawili,
kisha nikamkumbuka Orbin. Tulimzika Jumamosi,
na tulipotoka makaburini
tulinawa mikono kwa galoni la kanisa.

Nikafuta wawili. Nikaandika mmoja.
Kompyuta ikauliza: una uhakika?