Daftari la Mbio za Mfongo

Desemba ishirini na saba, saa moja asubuhi.
Kengele yetu ni rimu ya lori
iliyotundikwa kwenye mgrivea tangu enzi za baba.
Mimi ndiye niipigaye. Mimi pia ndiye mwandishi.
Daftari ni lile la chama cha kahawa:
kwenye safu ya KILO naandika dakika,
kwenye safu ya DARAJA naandika ukoo.

Zamani, husema kila mtu hapa Kilema, na sasa nasema na mimi,
haikuwa michezo.
Kiangazi, koo sita, mfongo mmoja.
Kijana wenu akitangulia kufika banioni
nyie ndio mnaofungulia maji kwanza,
migomba yenu inakunywa, ya jirani inakodoa macho.
Walikimbia kwa njaa ya mwakani.

Leo tuna bomba, na bomba lina mita,
na mita ina bwana mdogo wa kuja kuisoma.
Lakini Desemba watu wanarudi, Dar, Mwanza, Tunduma,
magari yanabanana kwenye vichochoro vya vihamba,
na mtu hawezi kukila kidari cha mbuzi
bila kwanza kujua ni cha nani.

Mwaka huu walijiandikisha kumi na mmoja.
Elirehema wa akina Ndanshau, viatu rangi ya chungwa,
saa mkononi ya kumhesabia mapigo ya moyo.
Mapacha wa Kirita, ambao mama yao huwapangia zamu ya kushinda.
Na Aikaruwa, muuza ndizi wa Kiboriloni,
peku, kanga kaikaza kiunoni
kama anayekwenda kudai deni.
"Umri?" nikamuuliza, kwa utaratibu.
"Andika wa kutosha."

Nikapiga rimu.

Kutoka ghalani hadi banioni ni kupanda tu.
Ukisimama kwenye ngazi za ghala huwaoni watu,
unaona migomba ikitikisika,
na kwa mtikisiko unajua nani yuko wapi.
Wazee wakasema: huyo Elirehema.
Bado ni Elirehema.
Kisha migomba ikatulia.

Ikatulia muda mrefu mno.

Ameanguka, akasema mmoja. Nyuki, akasema mwingine.
Nikachomeka kalamu sikioni nikapanda mwenyewe,
na goti langu hili.

Niliwakuta wote kumi na mmoja ndani ya mfongo,
pale kwenye kona ya isale, gema lilipoporomoka
mvua za mwaka juzi: matope, majani, chupa za plastiki,
na godoro,
godoro zima, la mtu tunayemjua.
Aikaruwa ndiye aliyeanza, waliniambia.
Aliruka, akatua, akageuka akatazama chini.
"Mwaka jana pia niliruka hapa," akasema,
akainama.
Elirehema alikwisha mpita hatua ishirini.
Alirudi. Saa yake ikalia
kumuuliza kwa nini amesimama.

Hakuna aliyefika banioni.
Ila saa nne kasorobo maji yaliteremka,
mekundu, kwa uvivu, yakisukuma povu na magamba ya konokono,
yakatupita miguuni, yakaipita nyumba ya Kirita,
yakatutangulia ghalani.

Basi vita ikawa kidari.
Akina Ndanshau: wetu alikuwa mbele.
Wengine: mbele ya nani, na alirudi nyuma?
Kamati ikakaa mpaka pipa la mbege likasikika kwa kata kugonga chini.
Mwenyekiti akasema sheria haijui matope.
Aikaruwa hakungoja, alikuwa na mikungu ya kuwahisha sokoni.
Kidari kikakauka juu ya makaa,
mwisho mapacha wakakila, kwa zamu.

Kwenye safu ya mshindi niliandika: Maji.
Mwenyekiti akafuta, akaandika: Hakuna.
Sikubishana naye. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo,
kwa kuwa baba alinikanya nisiache safu wazi,
nimeandika:
godoro, moja.