Nukta

Nyumba ya bibi imeuzwa, magogo na bawaba zake,
kwa mtu wa Warshawa anayependa kimya.
Mimi nimechukua samovari yenye ufa,
mbegu za maboga ndani ya bahasha,
na muhiri.

Muhiri, ndivyo tunavyokiita sisi Watatari wa Bohoniki:
kitambaa cha mahameli, kijani kinachokaribia weusi,
maneno ya Kitabu yametariziwa kwa uzi wa dhahabu,
mwezi juu, na chini vitawi viwili
vya mmea usioota Polandi
na, nadhani, usioota popote.

Kilikaa ukuta wa kibla miaka sabini na mitatu.
Nilipokitungua, nyuma yake
palibaki mstatili wa msonobari mpya,
mweupe, wenye harufu,
kana kwamba mti ule uliangushwa jana.
Mnunuzi akauliza pataka rangi gani.
Paache, nikamwambia. Patazeeka penyewe.

Bialystok. Ghorofa ya nne, jengo la zege.
Msumari wa kwanza ukapinda.
Wa pili ukaruka, ukapotelea chini ya jiko.
Bekir, shemeji yangu, akaenda kuazima keekee ya umeme,
nami nikasema, tukimngoja, nikisafishe.

Nikafumua bitana. Lilikuwa gunia la sukari.
Mbele muhiri, nyuma muhuri,
wa buluu, wa kiwanda, bado wasomeka:
kilo hamsini, weka mbali na maji.

Bibi Rozalia hakujua Kiarabu.
Alizinakili herufi kama mtu anayefuata
nyayo za sungura kwenye theluji:
hajui sungura alikoelekea,
lakini hakosi hatua.
Alikosa moja, walisema.
Siku ya arubaini ya babu, imamu kijana
aliyerudi masomoni ng'ambo
alisimama mbele ya ukuta, kikombe mkononi,
akasema kwa upole, kwa upole kweli,
hapa nuni haina nukta.
Bibi akamwongeza chai.
Tangu siku hiyo wageni wote
aliwaketisha upande ule mwingine.

Sasa ninacho mikononi, hakina gunia.
Nikakiinua dirishani nitafute palipoliwa na nondo.
Nje theluji ilikuwa inarudisha jua lote.
Kitambaa kikawa usiku,
na juu ya nuni, mahali pake hasa,
matundu mawili ya sindano
yaliyokaribiana hata yakawa moja.
Mwanga ukapita.

Alikuwa ameiweka.
Uzi ulikatika tu, ukaanguka,
labda ukafagiwa asubuhi ya Idi pamoja na makombo,
naye hakurudi kukagua,
kwa kuwa alijua alichokishona.

Neno lenyewe ni Nuru. Laanza na nuni.
Miaka yote ile aliinamisha kichwa
mbele ya watu waliosoma.

Nikamwita Lilia, mwenye macho bado mazima.
Uzi wa dhahabu hatukuupata.
Kisandukuni mlikuwa na wa njano,
ule wa kushonea vifungo vya koti la kazi.
Akapitisha mara tatu, mara nne.
Ikatokea kubwa kuliko inavyopasa,
punje ya haradali iliyoruka kutoka jikoni.
Nifumue? akauliza.
Nikasema basi, acha.

Bekir akatoboa. Jengo zima likauma kama jino.
Bi Henryka wa ghorofa ya tatu
akapanda na vumbi nyweleni, amekuja kugomba,
akakuta kimeshaning'inia,
kimeinama kidogo kushoto.
Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Kinasema nini?

Ni aibu, lakini yote sijui kuyasoma.
Nikamshika mkono, nikamsogeza karibu,
kidole chake nikakiweka penye njano.
Anzia hapa, nikamwambia.