Kiwi na Dawa

Jikoni, Northampton, saa tano za usiku.
Nimetandika gazeti la wiki jana mezani
na viatu viwili vinanitazama kwa matundu ya kamba
kama mashahidi walioonywa wasiseme neno.
Kesho Saumu anaolewa.
Mwaliko kauandika Tatu, binti yetu,
kwa kalamu ya kijani: Baba, njoo. Usichelewe.

Kushoto, nta, kwenye kopo bapa la bati.
Kulia, krimu, kichupa kizito,
laini kama mtindi, rangi ya kahawa.

Shuleni Tanga tuliita kiwi,
na kweli ilitia macho kiwi.
Kiranja alitaka aone meno yake
kwenye ncha ya kiatu chako.
Tukatema mate, tukasugua kwa soksi, tukatema tena.
Chini soli imeachama, kidole kinasalimiana na udongo;
juu, kioo.
Elimu hiyo nilipanda nayo ndege.
Kiatu kikipasuka, kiwi.
Kodi ikichelewa, kiwi.
Saumu aliponyamaza siku tatu
nikamnunulia saa ya dhahabu.
Aliiweka kabatini, ndani ya boksi lake,
ikahesabu peke yake.

Viatu nilivipata duka la hisani, Kettering Road,
pauni kumi na nne.
Bi Doreen Tebbutt wa mlango wa pili akavigeuza,
akavaa miwani, akasoma namba chini ya ulimi:
vimeshonwa hapa hapa mjini.
Yeye alikaa miaka thelathini na moja kwenye cherehani za ngozi;
kidole chake cha shahada bado kimepinda
kuifuata sindano.
Akakikunja kiatu.
Pale kwenye mikunjo, nta ya miaka
imeganda, imepauka, inabanduka
kama tope la kiangazi.
"Aliyevipaka hivi," akasema,
"aliipenda sura yake kuliko ngozi."
Nikatazama dirishani.

Kisha akaniuliza, nami nalileta swali
kama lilivyoniingia:
Kesho utasimama, au utatembea?
Wa kusimama, mlinzi wa lango la mfalme,
na apake nta tabaka saba.
Wa kutembea, aipe ngozi kinywaji.
Ilikuwa mnyama. Ina kiu.

Ndipo nikamkumbuka mama.
Yeye hakusema kiwi. Alisema dawa.
Niletee dawa ya viatu, mwanangu.
Na mimi, miaka yote, nilidhani ni jina tu.

Kitambaa chenye maji na sabuni kikang'oa nta ya zamani,
kikatoka cheusi kama masizi ya sufuria.
Viatu vikabaki uchi, vimefubaa, na aibu yao.
Krimu nikaipaka kwa kidole.
Ngozi ikanywa. Nikaongeza. Ikanywa.
Haing'ai upesi, krimu;
haina haraka ya kusifiwa.
Nikasubiri, nikachemsha chai, nikasubiri.

Halafu, nisidanganye,
nikafungua na lile kopo.
Kidogo. Ncha na kisigino,
penye ugumu, pasipokunjika.
Mvua ya huku haibishi hodi.
Na mimi ni mimi.

Ukumbini bwana harusi, Gareth,
alivaa raba nyeupe za kitambaa.
Nilijitahidi nisifurahi.
Saumu akanipa mkono, akashusha macho miguuni,
mazoea ya miaka kumi na sita.
"Hujatia kiwi."
"Kidogo. Mbele."
Akacheka kwa pumzi ya puani, akapita
kwenda kwa wageni wengine.
Tatu akatupiga picha. Miguu haikuingia.

Nikarudi kwa miguu, mvua ikiwa imeshaanza.
Kwenye ncha matone yalisimama kama shanga, yakaanguka.
Kwenye mikunjo ngozi ililowa, ikawa nyeusi kidogo,
ikakunjika, ikanyooka, ikakunjika.
Nyumbani nikavijaza lile gazeti
nikaviweka mbali na hita.